Kilio cha Kulipia

Ukishuka Magunga siku ya soko, sauti ya Phanice Awino utaisikia kabla hujamwona. Ana kisiagi cha mahindi nyuma ya kanisa, mashine ya dizeli inayonguruma tangu asubuhi mpaka jua linapoelekea ziwani, na katikati ya ngurumo hiyo yeye huzungumza na wateja wake bila kukaza shingo. Humwita mwenye gorogoro mbili za mahindi aliyeko ng'ambo ya barabara, na mwenye gorogoro mbili hugeuka. Watu humwita Min Willis, yaani mama yake Willis, ingawa Willis mwenyewe amelala nyuma ya nyumba, chini ya saruji, miaka kadhaa sasa.

Hasira zake pia zinajulikana. Kuna mhubiri aliwahi kutaka kusagiwa bure kwa jina la Bwana, akaambiwa Bwana mwenyewe aje na debe lake. Lakini hasira za Phanice zilikuwa za maziwa, kufura na kushuka. Uliyetukanwa asubuhi, jioni ulipata unga wa nyongeza. Hii ninayoisimulia haikushuka.

Ilianza na Marion, muuza mboga, mwanamke mwema asiye na neno na mtu. Alifika kisiagini amebeba debe kichwani, akalitua, akacheka, kisha akasema kwa sauti ya kuigiza: "Gambuti zako ziko mlangoni, Willis. Umeenda na miguu gani?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Phanice akaizima mashine. Magunga hakuna anayezima mashine wakati mahindi yako ndani, maana hukwama, na kuyatoa ni kazi ya nusu siku. Aliizima tu.

Marion, akiona ule uso, alijaribu kueleza. Nyumbani kwake walikuwa wamevuta intaneti, ile ya kulipia kwa mwezi, na sasa mtu anajichagulia sinema anayotaka. Anaisimamisha akakoroge mboga, anarudi, anaendelea. Walikuwa wamemwona Min Willis kwenye sinema, akilia msibani. Watoto walikuwa wanairudisha hapo hapo kila mara. Wamecheka mpaka mbavu zikauma, wakidhani hata jina la Willis amelitia kwa mzaha.

Phanice aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake, na aliyasema mara moja tu maishani.

Willis alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alipomaliza shule alienda Masara, upande wa Migori, kuchimba dhahabu kwenye mashimo yale yanayochimbwa kwa sururu na kamba. Pasaka moja alikuja nyumbani na gambuti mpya, viatu virefu vya mpira vya shimoni, akazivua mlangoni. Asubuhi ya kuondoka pikipiki ilifika mapema akiwa bado anakunywa chai, akaruka juu yake na ndala mguuni. Juma hilo shimo likaporomoka. Gambuti zilibaki pale zilipovuliwa, ncha zikitazama nje, na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Siku ya mazishi kilio kilimkataa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na wa mbali walikuja wengi, wakasimama uani wakimngoja mama aanze. Phanice alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Sauti inayoshinda dizeli ilikauka kama kijito cha Januari. Mwishowe shangazi ya marehemu akaanza badala yake, na wanawake wakanong'ona. Mtoto wa kwanza kuzikwa bila kilio cha mama yake, hilo walikuwa hawajaliona.

Sasa, mwaka uliopita, kulikuja kijana kutoka mji wa Migori, Byron Wangwe, baba Mkuria, mama Mjaluo, kazi yake kutengeneza sinema. Alivutiwa na vilima vya Gwassi akataka kupiga picha za mazishi huko. Alihitaji mwanamke wa kulia. Aliposikia sauti kisiagini, alimaliza kutafuta.

Phanice alikataa kwanza. Kumlilia mtu aliye hai ukitaja jina lake ni mwiko, ni kwer, kwa sababu unamwita aende wanakoenda wanaoliliwa. Na yule wa kuigiza maiti alikuwa hai sana, bwana mnene aliyekuwa ameketi ndani ya jeneza akila mandazi. Byron akamwambia ataje jina lolote lile. Phanice akawaza, akasema basi atamlilia mtu aliyekwisha kwenda, ndipo mtu yeyote asidhurike. Alisema hivyo kwa wema, kumkinga yule bwana wa mandazi. Hakuna aliyemuuliza ni nani huyo aliyekwisha kwenda.

Kamera ikawashwa, naye akaweka mikono kichwani. Kile kilichokataa siku ya mazishi kikatoka mbele ya jeneza la kuazima na maua ya plastiki. Alimwita Willis kwa majina yake yote ya kujisifu. Alimgombeza kwa kuondoka bila kumaliza chai. Alimuuliza habari za gambuti. Mafundi wa taa waliinamisha vichwa, na Byron, akifuta macho, akamwambia, "Mama, hiyo ni dhahabu tupu." Hakujua anamwambia nani neno hilo. Phanice alirudi nyumbani akalala usingizi wa mtoto, na tangu siku ile akawa anaweza kupita kaburini asione kizunguzungu.

Hakuuliza ni sinema ya nini. Mazishi ni mazishi, alidhani, na watakaoona watalia.

Siku hiyo ya Marion alimpigia simu binti yake Lynnet, mwalimu wa chekechea kule Sindo. Alimuuliza kama anaijua sinema hiyo. Lynnet akashusha sauti. Aliijua. Alikuwa ameiona na walimu wenzake, kwa simu, wakati wa mapumziko.

"Nilicheka, Mama," Lynnet alisema. "Nilicheka kabla sijasikia jina. Kisha nikaenda chooni nikalia. Nikashindwa kukuambia."

Phanice akakata simu. Ilimchukua muda kujua anamkasirikia nani zaidi, huyu aliyecheka au huyu aliyenyamaza, na wote wawili walikuwa binti yake mmoja.

Marion alimkaribisha aje kwake aitazame. Phanice alisema hawezi kwenda kukaa kwenye kochi la watu amwangalie mtoto wake. Kama ni kumwona, atamwonea nyumbani kwake. Na hivyo mwanamke aliyeapa kwamba runinga haitaingia nyumbani mwake, aliyesema sanduku hilo ni la kulishia watoto uvivu, ndiye aliyemwita fundi.

Fundi, Javan, alipanda paa akafunga antena, akaweka kisanduku cha waifai juu ya kabati la vyombo, akaunganisha runinga ya zamani ya Lynnet. Alionyesha jinsi ya kulipa kwa simu kila mwezi. Akaonyesha jinsi ya kuingia kwenye huduma yenyewe, iliyoitwa Sigana Pleya, na skrini ikauliza: Nani anatazama? Phanice alidhani anaulizwa yeye, akajibu kwa sauti. Javan akaandika Min Willis, na kuanzia hapo kila ilipowashwa, jina hilo ndilo lililokuja. Javan alimweleza kwa furaha kwamba ana sinema zaidi ya anazoweza kumaliza mpaka azeeke. Phanice akamwambia anahitaji moja tu.

Aliitazama Jumapili baada ya kanisa, Lynnet pembeni yake akiwa ameshika remoti kama mtu aliyeshika kisu kisicho chake.

Sinema iliitwa Marehemu Ana Njaa. Bwana mmoja mwenye wake watatu anajifanya amekufa ili ajue ni nani anayempenda. Analazwa jenezani. Wake wanagombania godoro. Pasta anasahau jina la marehemu. Kila baada ya maneno machache watu wasioonekana wanacheka. Phanice alikaa, mikono mapajani. Kisha uso wake mwenyewe ukajaa skrini, mpana kama sinia, na sauti ikatoka, ile ile, na chini yake maandishi ya Kiswahili kwa wasiojua Kijaluo. Akajisikia anamwita Willis. Akafika kwenye gambuti. Hapo picha ikaruka mpaka kwenye miguu ya yule bwana ndani ya jeneza, soksi za njano zikichezacheza vidole, na wale wasioonekana wakapasuka kwa kicheko kirefu kuliko vyote. Punde harufu ya samaki wa kukaanga ikamfikia maiti, akakaa kitako, akaomba ugali.

"Hao wanaocheka ni kina nani?" Phanice aliuliza.

Lynnet akamwambia si watu. Ni vicheko vya kubandika, vinanunuliwa tayari vimerekodiwa.

"Kwa hiyo mtoto wangu anachekwa hata na watu ambao hawapo."

Sinema ilipokwisha, skrini ikamwomba aonyeshe kidole gumba kama ameipenda. Kisha ikampendekezea nyingine tano za kuchekesha, kwa kuwa ametazama hii. Phanice aliinuka akang'oa waya ukutani, na plagi ikatoka na kipande cha plasta.

Alichoshindwa kukivumilia hakikuwa kicheko peke yake. Kwao kuna vichekesho vya matanga, na yeye mwenyewe anajua vingi. Lakini matanga huisha. Watu hula, huondoka, hema linakunjwa, viti vinarudishwa kanisani, na aliyelia anaachwa apumzike. Hiki kilio hakina mtu wa kukikunja. Mtu yuko kwake Nairobi, au Mombasa, amenyoosha miguu juu ya stuli, anabonyeza, na Phanice anaanza kulia. Anabonyeza tena, anaanza upya. Mtoto wake anaitwa kutoka kaburini mara ngapi kwa siku, na watu wenye karanga mkononi? Barabarani watoto walishakigeuza wimbo. Vijana wa bodaboda walikiweka kiwe mlio wa simu, na kila simu ilipoita kituoni, Phanice alilia kwenye mfuko wa suruali ya mtu.

Lynnet alimpigia Byron kwanza, kwa adabu. Byron alifurahi kupigiwa. Alisema mama amekuwa staa, sehemu hiyo ndiyo inayorudishwa kuliko zote, na alikuwa akipanga kumtafuta kwa ajili ya sinema ya pili. Lynnet hakumweleza mama yake neno hilo la mwisho, lakini simu ilikuwa kwenye spika.

Siku iliyofuata kisiagi hakikufunguliwa. Phanice alivaa kitambaa cha kanisani akaenda Migori. Njia hupita Masara, na alipofika hapo aliangalia mikono yake mpaka gari lilipopita mashimo yote.

Ofisi ya Byron ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mama yake, Susana, fundi wa kushona sare za shule karibu na daraja. Huko mbele vyerehani vilikuwa vinalia. Byron alimkaribisha, akamnunulia soda, akamwita Mama kwa heshima yote. Phanice akamweleza, pole pole, kama anavyoeleza mteja asiyejua kuhesabu. Willis ni mtu. Alizaliwa, akanyonya, akaenda Masara, akafa. Gambuti ni gambuti kweli.

Byron alishtuka, hilo lazima lisemwe. Aliweka kalamu chini, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alidhani ni jina la kubuni. Lakini sinema ilikwisha kwenda kwa wenye huduma, na watu wanailipia, na kipande kile ndicho kinachoishikilia yote.

"Nikitoa hapo, Mama, sinema imekufa."

"Imekufa," Phanice alirudia.

Byron hakusikia alichokisema. Akaendelea kueleza kwamba anaweza kuandika mwanzoni, kabla ya jina la sinema, kwamba ni kwa kumbukumbu ya marehemu Willis. Itakuwa heshima. Akaona hata hilo halikufurahisha, akasema kwa upole kwamba, kusema ukweli, Mama alikubali mwenyewe, na jina alilitaja mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilichoma. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mtu ambaye jambo hili halimgharimu kitu, na mtu wa namna hiyo huwa na subira nyingi sana na uchungu wa wenzake.

Phanice akainuka. Akauliza, "Wewe ni Byron mtoto wa nani?"

"Wa Susana."

Akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa.

"Kamera yako iko mezani, Byron mwana wa Susana. Umeenda na macho gani?"

Hakusema kwa kuigiza. Alikivuta kilio kutoka kulekule, kwa sauti ile inayoshinda dizeli, na chumba kile kidogo hakikuweza kuibeba. Vyerehani vikanyamaza vyote kwa pamoja. Barabarani mwendesha mkokoteni akasimama, na mwanamke mwenye ndizi kichwani akazitua. Katika nchi ile kilio si kelele. Kilio ni habari, na anayeisikia huacha alichoshika akaja. Byron alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, soda imemwagikia kwenye suruali.

Susana akaingia mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini midomoni. Akazitema mkononi. "Nani amekufa?"

"Bado," Phanice akasema.

Susana alimtazama mwanawe, akamgusa kifua, akamgusa uso, kisha akamgeukia mgeni. Alikuwa Mjaluo wa Rusinga na hakuhitaji kuelezwa alichokisikia. Mtu mzima, mama, amemlilia Byron kwa jina, kwa jina la mama yake, na mtoto yuko hai. Akashika meza. Byron akaanza kusema kwamba hayo ni mambo ya kizamani, hayana maana siku hizi, na mama yake akamwambia anyamaze, kwa sauti ambayo huenda hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Dada yangu," Susana akasema, "nirudishie jina la mtoto wangu."

"Nirudishieni la wangu kwanza."

Ndipo Susana akaomba aambiwe yote, na Phanice akamwambia, akiwa bado amesimama. Susana alikuwa ameiona sinema. Aliionyesha kwa wateja wake wote. Alipofahamu ni kilio kipi, alikaa juu ya rundo la sare, akafunika kinywa. Akasema alicheka, dada yangu, nilicheka sana, sikujua ni msiba.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Susana alisema kipande kitatoka au Byron atafute ofisi kwingine na mama kwingine. Byron, aliyekuwa amepungukiwa na ucheshi, akaeleza kwamba inawezekana kuondoa sauti na maandishi, kisha kuwatumia wenye huduma, nao wataikagua kabla ya kuibadilisha, siku kadhaa. Akauliza kama aondoe na uso pia.

Phanice alifikiri. "Uso ni wangu, nilikuuzia. Sauti ile haikuwa yangu kuiuza."

Kisha Byron akauliza, kwa sauti ndogo, kama amwekee nakala kwenye flashi, maana ikifutwa imefutwa. Hilo lilimfikia Phanice mahali pake. Alijua hana kilio kingine. Alimlilia Willis mara moja, na mara hiyo moja ilikuwa ndani ya kompyuta ya kijana. Akikiondoa hapo, mwanawe atarudi kuwa mtoto aliyezikwa bila kilio cha mama.

"Kilio si sukari, kiwekwe kwenye kopo," akasema. "Futa."

Alirudi Magunga akafungua kisiagi, na hasira ikaja naye. Sasa ilikuwa imepata mwenzake, woga. Kila asubuhi, kabla vyerehani havijaanza, Susana alimpigia simu. Hakusalimu sana. Alisema tu, "Ameamka. Amekunywa chai." Phanice alijibu, "Vizuri," na wote wawili walikata. Siku moja simu ilichelewa, na Phanice akamwaga unga wa watu chini akiitazama. Byron alikuwa amelala tu mpaka mchana, uvivu wa kawaida. Phanice alijikasirikia kwa kumhofia vile kijana aliyemfanya Willis mzaha, kisha akamkasirikia kijana kwa kumtia hofu, kisha akamtukana Marion, aliyekuwa amekuja na fungu la sukuma wiki na hakuwa amesema kitu. Marion aliliacha fungu juu ya gunia akaondoka. Phanice alilipika.

Taarifa ilipokuja kwamba sinema imebadilishwa, Susana alisema atakuja mwenyewe kuona, kwa sababu neno la simu halitoshi kwa jambo hilo. Alifika Jumapili alasiri. Byron ndiye aliyemwendesha, lakini mama yake alimwacha kwenye gari, nje ya lango. Hakutaka avuke kizingiti cha mwanamke aliyemlilia kabla jina lake halijarudishwa.

Wamama wakaketi kwenye kochi. Lynnet akawasha. Skrini ikauliza nani anatazama, akachagua Min Willis. Walipitia wale wake watatu na godoro, pasta na jina alilosahau, na vicheko vilikuwepo bado. Phanice alishika ukingo wa kochi. Kisha uso wake ukajaa skrini.

Hapakuwa na sauti. Byron alikuwa ameondoa kilio, maandishi, na vile vicheko vya kubandika pia, ingawa hakuna aliyemwomba hivyo. Ulibaki upepo na kengele ya ng'ombe mbali. Mdomo ulifunguka, mikono iko kichwani, koo linavimba, hakuna kinachotoka. Soksi za njano zikacheza kimya kimya na hazikuchekesha. Susana alinyoosha mkono akamshika Phanice kifundo cha mkono.

Phanice alijitazama mpaka mwisho. Alikuwa amejiona hivyo siku moja nyingine, uani hapo nje, watu wengi wakimngoja. Kinywa wazi, sauti hakuna. Lynnet alikuwa analia. Phanice hakulia. Alikasirika kama mtu aliyechoka, akamwambia binti yake azime, akainuka na kwenda jikoni, akageuza ugali kwenye sinia. Kisha akaenda mlangoni.

Maiti haitwi mezani. Unaweza kumsifu, kumgombeza, kumuuliza alikokwenda, lakini hakuna anayesimama mlangoni akamwita aliyekufa aje kula. Hilo ni la walio hai. Phanice akasimama hapo, akavuta pumzi, akamwita kwa sauti ya kisiagi, na njia nzima ikasikia.

"Byron! Byron mwana wa Susana! Njoo ule!"

Susana alikuwa amesimama nyuma yake. Lango likalia.

"Naja, Mama," Byron akaitika.

Alipita uani akitazama chini. Mlangoni akainama kuvua viatu, na akakuta mahali pa kuvua viatu pana wenyewe. Zilikuwa gambuti nyeusi, zimekuwa kijivu kwa vumbi, moja imelalia nyingine kidogo, ncha zikitazama nje, na ndani ya moja buibui amefuma. Byron alibaki ameinama hivyo, kamba ya kiatu mkononi. Alikuwa ameyahariri maneno ya gambuti labda mara mia. Alijua yako sekunde ya ngapi.

"Ndizo hizi?" akauliza.

"Vua uingie," Phanice akasema. "Chakula kinapoa."

Aliviweka viatu vyake mbali kidogo na gambuti, akaingia, akanawa. Susana alimtazama akimeza tonge la kwanza, na la pili, ndipo naye akanyoosha mkono kwenye sinia. Phanice hakula. Hakuwa amewasamehe na hakusema amewasamehe. Jina alikuwa amelirudisha, na hilo ndilo walilokuwa wameelewana.

Walipoondoka, Lynnet alisema sasa basi anaweza kuiacha ile huduma, ya nini kulipia kila mwezi kitu asichokitazama. Atoe tu jina lake, au aache mwezi uishe. Phanice akamuuliza kama huyo Byron hawezi kubadilisha tena kesho, akairudisha sauti, watu wakaanza upya. Lynnet akakubali kwamba kubadilisha ni rahisi, inabonyezwa tu. Akaongeza kwamba hadhani atafanya hivyo.

"Na akifanya, nani atakuwa anatazama?"

Kwa hiyo hulipa. Kila mwezi, kabla ya dizeli, kabla ya kodi ya soko, hulipia Sigana Pleya kwa simu, akanung'unika akibonyeza nambari, akawatukana wote waliobuni kitu hicho. Kisha huwasha, huchagua jina lake, hupita sinema zote zile wanazompendekezea, na kwenda moja kwa moja pale uso wake unapojaza skrini. Huketi wima, akasikiliza upepo na kengele ya ng'ombe mpaka kipande kiishe, kuhakikisha kwamba mwanawe hajaitwa. Akisharidhika huzima, hutoka mlangoni, na kurudi kwenye kisiagi, ambako watu wa gorogoro moja na mbili wanamngoja.